Sokoine: Kutoka Halmashauri ya Wilaya ya Masai hadi Uwaziri Mkuu

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli, mkoani Arusha, tarehe 1 Agosti 1938, katika jamii ya wafugaji ambayo wakati huo ilipeleka watoto wachache sana shuleni. Alisoma Monduli kuanzia 1948 hadi 1956, kisha akaenda Umbwe, Kilimanjaro, kwa masomo ya sekondari. Alijiunga na chama cha TANU mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Mwaka uliofuata alipelekwa Ujerumani ya Magharibi kusomea utawala, na aliporudi 1963 alipewa kazi nyumbani kwao: Afisa Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Masai.

Watanzania wengi wanamkumbuka Sokoine kwa mwaka wake wa mwisho, mwaka wa msako wa walanguzi. Lakini asiyeanza na miaka ya Monduli atapata shida kuelewa kwa nini Waziri Mkuu alihangaika kiasi kile na sabuni, sukari na nauli za mabasi.

Wilaya ya Masai ilikuwa kubwa mno. Ilijumuisha maeneo ambayo leo yamegawanywa katika wilaya za Monduli, Longido, Ngorongoro, Simanjiro na Kiteto, na makao makuu yake yalikuwa Monduli. Uchifu ulikuwa umefutwa mwaka 1963, kwa hiyo halmashauri ndiyo iliyobeba shughuli za kila siku: shule za msingi, zahanati, barabara za vumbi, kodi na ushuru. Katika wilaya ya wafugaji orodha hiyo huongezewa mambo ambayo afisa wa mjini huenda asiyafikirie kabisa. Josho likikosa dawa, kupe wanaleta ndigana na mifugo inakufa. Bwawa likikauka, watu wanahama na darasa linabaki tupu. Mnada ukiwa mbali, mfugaji anauza ng'ombe wake kwa bei anayotaka mnunuzi. Mwaka 1964 ilipitishwa sheria ya kuendeleza nyanda za malisho, iliyowataka wafugaji waunde vyama vya kumiliki na kutunza malisho kwa pamoja, na Umasaini ndiko ilikolengwa hasa. Mtendaji wa halmashauri alisimama katikati ya sera hiyo iliyotoka Dar es Salaam na wazee wa boma ambao hawakuwa wameiomba.

Uchaguzi Mkuu wa 1965 ndio uliomtoa wilayani. Ulikuwa wa kwanza chini ya chama kimoja, na utaratibu wake ulikuwa wa aina yake. Mkutano wa TANU wa wilaya uliwapigia kura waliojitokeza kugombea, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili wa kushindana katika kila jimbo. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye aweze kupiga kura yake bila msaada. Wagombea walizungushwa pamoja kwenye mikutano iliyoandaliwa na chama. Walitakiwa kuzungumza Kiswahili peke yake, na walikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Matokeo yalishtua wakubwa. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa Mwanza. Katika wimbi hilohilo Sokoine, kijana wa miaka 27, akaingia Bungeni.

Hapo ngazi mbili za mfumo ule zinaonekana wazi. Ya kwanza ilikuwa ya jimbo: bila kukubalika na wanachama wa wilaya, jina halikufika mbali. Ya pili ilikuwa ya Rais, kwa kuwa uwaziri ulitolewa na Mwalimu Nyerere mwenyewe, na chama kimoja hakikuwa na nafasi ya mtu kujijengea kundi lake la kumpandisha. Sokoine alipanda ngazi ya pili upesi. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, aliteuliwa Naibu Waziri katika wizara ya mawasiliano, uchukuzi na kazi. Mwaka 1970 akawa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais, chini ya Rashidi Kawawa. Mwaka 1972 akakabidhiwa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa.

Mwaka huohuo wa 1972 serikali ilizivunja halmashauri za wilaya. Mpango uliitwa Madaraka Mikoani, na nia yake iliyotangazwa ilikuwa kusogeza mamlaka karibu na wananchi. Kwa vitendo, kazi za madiwani zilihamia kwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, watumishi walioteuliwa na serikali kuu. Mlango aliopitia Sokoine ukafungwa nyuma yake. Ilikuwa hasara kubwa, na taifa lililipa kwa muda mrefu, kwa sababu shule, visima na barabara za vijijini zilipoteza watu waliokuwa wakiulizwa habari zake uso kwa uso.

Chama Cha Mapinduzi kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977. Siku nane baadaye, tarehe 13, Sokoine aliteuliwa Waziri Mkuu akiwa na umri wa miaka 38, akishika nafasi ya Kawawa, ambaye naye alikwenda Ulinzi. Kipindi hicho cha kwanza kilimkuta na misukosuko mfululizo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka huohuo wa 1977. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita viliendelea mpaka Kampala ilipoangushwa tarehe 11 Aprili 1979. Mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikaisha. Mwalimu aliwaomba wananchi wakaze mikanda kwa miezi 18. Dhiki ilidumu zaidi ya hapo. Novemba 1980 Sokoine aliacha uwaziri mkuu kwa sababu za kiafya, Cleopa Msuya akashika nafasi yake, na Sokoine akaenda kusoma Yugoslavia.

Aliporudishwa madarakani tarehe 24 Februari 1983, maduka yalikuwa matupu. Sabuni, sukari, mafuta ya kula, nguo na betri za redio zilipatikana kwa foleni au kwa mlango wa nyuma kwa bei ya ulanguzi. Mwezi mmoja baadaye msako ulianza. Polisi na wanamgambo waliingia katika maghala na majumba, bidhaa zilizofichwa zikatolewa, na watu wengi wakakamatwa kama wahujumu uchumi. Wengine waliotishika walitupa mali zao vichakani usiku kuliko kukutwa nazo. Kwa mwananchi aliyepanga foleni tangu alfajiri, ilikuwa mara ya kwanza kuona wakubwa na matajiri wakiulizwa mali wameipata wapi. Umaarufu wa Sokoine ulijengeka hapo, na ulikuwa wa haki.

Haki za waliokamatwa, hata hivyo, ziliumizwa. Sheria maalumu ya mwaka 1983 iliunda mahakama ya pekee, nje ya mfumo wa kawaida, na ikawanyima washtakiwa dhamana na mawakili. Tena, kilichofukuliwa maghalani kilikuwa bidhaa zilizokwisha kutengenezwa. Viwanda visivyo na malighafi wala vipuri havikuweza kufufuliwa na polisi, na baada ya muda mfupi uhaba ulirejea. Msako uliwagusa wenye hatia, lakini chanzo cha uhaba hakikuwa ghalani.

Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya nguvukazi, iliyomtaka kila mwenye uwezo awe na kazi halali. Mijini iliwaangukia vibaya wachuuzi na vijana wasio na ajira. Hatua nyingine ilizaa matunda yanayoonekana hadi leo. Shirika la umma la usafiri, UDA, lilikuwa na mabasi machache mno kwa jiji la Dar es Salaam, na watu binafsi waliobeba abiria walikuwa wakifukuzwa na askari. Mwaka 1983 waliruhusiwa kupewa leseni, na daladala zikaingia barabarani kihalali. Serikali iliyokuwa ikiwasaka wafanyabiashara ilikubali hapo kwamba wapo watu binafsi wanaoweza kufanya kile ambacho shirika la umma limeshindwa. Kati ya mambo yote ya mwaka ule, hilo ndilo linalofanana zaidi na kazi ya mtendaji wa wilaya: tatizo limeonekana kituoni, likatatuliwa kituoni.

Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenye kikao cha Bunge kuelekea Dar es Salaam, gari lake liligongwa na jingine lililotoka mbele yake, huko Dakawa, Morogoro. Alifariki akiwa na miaka 45, akazikwa Monduli Juu. Salim Ahmed Salim aliteuliwa Waziri Mkuu.

Mabadiliko yalifuata haraka. Sheria ya uhujumu uchumi ya 1983 ilibadilishwa mwaka 1984 kwa nyingine iliyorudisha kesi hizo Mahakama Kuu. Bajeti ya Juni 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na rafu za maduka zikaanza kujaa tena. Kitivo cha kilimo cha Morogoro kikawa chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Na chini ya sheria zilizotungwa mwaka 1982, halmashauri za wilaya zilirejeshwa mwaka huohuo wa 1984. Madiwani walirudi vikaoni, Monduli ikiwamo, na jimbo hilo likaja kumtoa Waziri Mkuu wa pili, Edward Lowassa, mwaka 2005.