Kijana wako amenenepa? Usimnyime maziwa na usipa

Mama mmoja wa hapa Ngana alimleta kliniki binti yake wa miaka 14 aliyeongezeka uzito. Alikuwa ameshamkataza maziwa na usipa akiamini vinanenepesha. Soda na maandazi ya shuleni viliendelea. Nia yake ilikuwa njema, lakini alimwondolea chakula anachokihitaji zaidi.

Kwa nini anakihitaji?
Maziwa na usipa vina madini ya kalsiamu, yanayojenga mifupa. Sehemu kubwa ya mifupa hujengwa kabla ya miaka 20. Kijana anayekosa kalsiamu sasa anaweza kuwa na mifupa dhaifu ukubwani. Kijana wa miaka 10 hadi 18 anashauriwa kupata takribani miligramu 1,300 kwa siku. Kikombe cha maziwa (mililita 250) kina kama 300.

Je, kalsiamu inapunguza mafuta mwilini?
Baadhi ya tafiti zimeona kuwa vijana wanaopata kalsiamu nyingi huwa na mafuta kidogo mwilini. Lakini watu walipopewa kalsiamu ya ziada ili wapimwe, uzito wao haukupungua, au ulipungua kidogo sana. Huenda anayekunywa maziwa hanywi soda nyingi. Kwa hiyo, usinunue vidonge vya kalsiamu ili kijana apungue.

Ufanye nini nyumbani?
- Mpe maziwa yaliyochemshwa au mtindi, bila sukari.
- Pika usipa kwa nyanya na vitunguu badala ya kuukaanga kwa mafuta mengi. Aule mzima, maana kalsiamu iko kwenye mifupa yake.
- Mboga za majani ziwepo kila siku. Mchicha ni mzuri, ila mwili hupata kalsiamu yake kidogo tu, hivyo usiutegemee peke yake.
- Punguza soda, maandazi, chipsi na sukari kwenye chai. Chupa moja ya soda inaweza kuwa na sukari ya vijiko 8 vya chai au zaidi.
- Wali na ndizi aendelee kula, ila sahani isijae. Nusu yake iwe mboga.
- Acheze, atembee, alale vya kutosha.

Mama, usimwite "bonge" wala kumpikia chakula chake peke yake. Familia nzima ibadilike pamoja. Mlete kituo cha afya tumpime uzito na urefu, hasa akichoka haraka, akikoroma sana usiku, au akiwa na kiu na kukojoa mara kwa mara.