Kusafisha Tangi la Kioo la Samaki

Mto Mara hutoka katika nchi ya Kenya, hupita kati ya Tarime na Serengeti, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Ndani ya ziwa hilo huishi furu, samaki wadogo wenye rangi nyingi. Zamani zilikuwako aina mia kadhaa za furu, na nyingi hazikupatikana mahali pengine po pote duniani. Lakini katika miaka ya 1950 sangara aliletwa akatiwa ziwani, naye ni samaki mkubwa alaye samaki wenziwe. Kufikia miaka ya 1980 sangara walikuwa wameongezeka mno, na maji nayo yalikuwa yamechafuka. Aina nyingi za furu zikatoweka. Baadhi yao walikuwa wamechukuliwa na wataalamu wakafugwa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani, na humo wakazaana.

Basi tangi la kioo si pambo tu; laweza kuwa makimbilio ya viumbe. Lakini laweza pia kuwa kaburi lao lisiposafishwa vema, hasa likiwa limekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Tangi kuukuu huenda likang'aa, kumbe limeficha vijidudu vya maradhi, mayai ya konokono, au mabaki ya dawa na sabuni.

Sabuni ndiyo adui wa kwanza. Mwili wa samaki umefunikwa na ute unaomkinga na maradhi, naye huvuta pumzi kwa matamvua yaliyo chini ya mashavu yake. Sabuni huondoa ute ule na kuunguza matamvua. Mtu akioga, sabuni humwagika ikaenda zake. Samaki hana pa kuikimbia, kwa kuwa maji hayo ndiyo nyumba yake na pumzi yake. Kwa hiyo hata kitambaa cha kusugulia sharti kiwe kipya, kisichopata kufuliwa kwa sabuni.

Kwanza tangi hukaguliwa likiwa kavu, kutazama kama kioo kina ufa au gundi ya pembeni imebanduka. Hubebwa na watu wawili, mikono ikiwa chini yake, wala halibebwi lina maji hata kidogo. Tangi lenye urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kina 30 huchukua lita 54. Na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, mzigo huo ni kilo 54, zaidi ya nusu ya gunia la mahindi la kilo 100.

Kazi hufanyika nje, mbali na kisima na kijito. Mchanga na vijiti vya zamani hutupwa, maana huficha uchafu. Kisha kioo husuguliwa kwa chumvi na maji kidogo. Mchanga na majivu, yafaayo kwa sufuria, hapa hayafai: mchanga hukwaruza kioo, na majivu hutoa maji makali kama ya sabuni. Maji yanayochemka nayo huweza kupasua kioo. Madoa meupe yaliyoachwa na maji hupakwa ndimu au siki, huachwa yalainike, ndipo yasuguliwe.

Ikiwa samaki wa kwanza walikufa kwa maradhi, mtu mzima huweza kuosha tangi kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini kidogo. Lakini dawa hiyo isichanganywe kamwe na ndimu wala siki, kwa kuwa hapo hutoka hewa yenye sumu iwezayo kumwua mtu. Baadaye tangi husuuzwa mara nyingi mpaka harufu yote iishe, nalo huanikwa juani siku kadhaa. Jua kali na ukavu huua vijidudu vingi bila gharama.

Likiisha kukauka, tangi huwekwa mahali palipo sawasawa, hujazwa maji, na huachwa usiku na mchana. Pasipoonekana unyevu chini yake, halivuji. Maji ya bomba yenye klorini huachwa wazi siku moja au mbili kabla ya kutumiwa. Samaki wa kwanza wawe wachache, maana taka zao ni sumu, na vijidudu vyema vinavyoigeuza sumu hiyo huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Wengi wakitiwa siku ya kwanza, huenda wakafa wote katika tangi lililo safi.

Tena samaki aliyefugwa asitupwe mtoni wala ziwani, hata kama mwenyewe amemchoka. Habari za sangara zaonyesha hasara iletwayo na samaki mgeni, na ugonjwa mdogo wa tangini waweza kuenea katika mto mzima.

Wahenga walisema, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Maji ya tangi nayo ni ziwa la samaki aliyefungiwa humo. Katika Ziwa Viktoria samaki huweza kukimbia maji mabaya akatafuta mema. Tangini hana budi kuishi katika yale aliyowekewa na mwanadamu.