Anwani Isiyohama

Chuo kikuu cha tiba kilichopo kwenye kilima cha Bugando, wilayani Nyamagana, kilianza mwaka 2003 kikiitwa Bugando University College of Health Sciences. Baadaye kikawa Weill Bugando, na leo kinajulikana kwa kifupi chake, CUHAS. Ukikitafuta kwenye intaneti utakipata bugando.ac.tz. Anwani imebeba jina la kilima, kwa hiyo mabadiliko ya jina la chuo hayailazimishi ibadilike.

Wengi wetu hapa Mwanza hatuna ulinzi wa namna hiyo. Mshonaji wa Makoroboi na mpiga picha za harusi wa Nyegezi wameweka kazi zao zote kwenye kurasa za kampuni za nje, na kadi zao za biashara zimechapwa kiungo cha kampuni hizo. Huduma ya kurasa za bure ya GeoCities ilipofungwa mwaka 2009, na mtandao wa kijamii wa Google+ ukafuata Aprili 2019, viungo vya mamilioni ya watu vilikufa siku moja. Wenye kurasa hawakuwa na la kufanya, kwa kuwa anwani haikuwa yao tangu mwanzo.

Dawa yake ni jina la kikoa, au domeni kama mafundi wanavyosema. Kompyuta hutafutana kwa namba. Jina ni rekodi tu inayosema tovuti fulani ipo kwenye namba fulani. Ukihamisha tovuti kutoka seva moja kwenda nyingine, unabadilisha namba iliyo kwenye rekodi, na ndani ya saa chache, mara nyingine siku mbili, wageni wanafika mahali papya bila kujua kwamba umehama. Ni kama S.L.P.: unatoka Isamilo unahamia Mkolani, na barua zinakufuata kwenye sanduku lile lile. Baruapepe nayo hufuata jina hilo hilo, na kwangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, maana mteja wa miaka kumi iliyopita bado anakupata.

Kwa Tanzania, .co.tz ni ya biashara, .or.tz ya asasi, .ac.tz ya vyuo, na .me.tz imetengwa kwa watu binafsi. Hiyo ya mwisho haijazoeleka, ingawa mwandishi au mtafiti angeifaidi sana. Anayependelea .com ajue pia kwamba suala la kutumia jina lisilo la Tanzania limewahi kufika mahakamani: Desemba 2016 Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alishtakiwa, na moja ya mashtaka lilihusu kuendesha tovuti yenye jina lisilosajiliwa Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010.

Jina la kikoa hulinunui likawa lako daima. Unalilipia kwa msajili, yaani kampuni inayosajili majina, kwa mwaka au miaka kadhaa, na usipolipa linarudi sokoni, ambako mwingine anaweza kulichukua na kupokea hata barua zako. Lakini hatari ninayoiona mara nyingi zaidi mjini hapa ni nyingine kabisa. Mtu anamlipa fundi amtengenezee tovuti, fundi anasajili jina kwa baruapepe yake mwenyewe, kisha anahamia mkoa mwingine au anabadilisha namba ya simu. Mwenye biashara anabaki na tovuti asiyoweza kuihamisha. Msajili anamsikiliza aliyeandikwa kwenye usajili, hata kama risiti za fundi ziko mezani.

Kwa hiyo kabla ya kuchapa kadi au kuandika bango, muulize msajili ni nani aliyeandikwa kuwa mmiliki, na taarifa za malipo zinatumwa kwa baruapepe ipi. Iwe baruapepe unayoifungua wewe, na isiwe ile inayotegemea jina hilo hilo la kikoa. Jina likizimika, baruapepe nayo inazimika, na taarifa ya kulipia haitakufikia.