"Mmeelewa?" "Ndiyo, Mwalimu!"

Mwalimu akimaliza somo hugeuka kutoka ubaoni na kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Kipimo kibovu kuliko hiki ni vigumu kukipata. Wala si kwamba wanafunzi wanadanganya. Wengi wao huamini kweli kwamba wameelewa.

Mwaka 2002, Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Waliwaomba watu wajipe alama za namna wanavyoelewa vitu vya kila siku, kama zipu na choo cha kuvuta maji. Kisha wakawataka waeleze, hatua kwa hatua, jinsi vinavyofanya kazi. Walipojipa alama tena, zilishuka. Walikuwa wamechukua mazoea ya kufunga zipu wakayaita ujuzi wa zipu.

Basi tuwape mtihani? Inategemea ni mtihani gani. Mwanafunzi aliyemeza kanuni ya tatu ya Newton ataitapika kwenye karatasi bila kukosea neno, na hesabu zake atazipatia. Mwaka 1992, David Hestenes, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer walitoa jaribio la fizikia lisilo na hesabu hata moja, kwa lugha ya kawaida. Swali la namna yake ni hili: lori kubwa limegongana uso kwa uso na gari dogo. Wakati wa kugongana, lipi limelisukuma lenzake kwa kani kubwa zaidi?

Wengi hujibu lori. Jibu ni kwamba kani zinalingana, kama kanuni waliyoikariri inavyosema. Gari dogo huumia zaidi kwa kuwa tungamo lake ni dogo, hivyo mwendo wake hubadilika kwa ghafla zaidi.

Ufundi wa jaribio hilo umo katika majibu yake yasiyo sahihi. Hayakuokotwa tu, yalitokana na imani ambazo wanafunzi wenyewe huwa nazo kuhusu mwendo. Anayekosea huonyesha imani gani ya zamani ingali imemshika. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, alipowapa wanafunzi wake maswali ya aina hii, mmoja alimuuliza ajibu vipi: kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe? Mwanafunzi huyo alikuwa na fizikia mbili kichwani, moja ya mtihani na nyingine ya barabarani.

Mwaka 1998, Richard Hake alikusanya matokeo ya majaribio ya aina hii kutoka kwa wanafunzi 6,542 katika kozi 62. Aliuliza: kati ya alama ambazo darasa lilikuwa halijazipata mwanzoni, limepata sehemu gani mwishoni? Darasa lililoanza na wastani wa 40 kwa 100 lilibakiza 60. Likifika 70, limepata nusu ya lilichobakiza, yaani 0.5. Kozi za mihadhara ya kawaida zilipata wastani wa 0.23. Zile ambazo wanafunzi walijadiliana na kupewa majibu papo hapo zilipata 0.48.

Lugha yetu ina fununu ya jambo hili. Neno "elewa" limetokana na "elea", yaani kuwa wazi kwa mtu: habari humwelea msikilizaji. Haimwelei kwa kuitikia, wala kwa kumeza. Humwelea pale ile fizikia ya barabarani inapokutana na ile ya ubaoni, zikapambana, ikabaki moja.

Kwa hiyo, mwalimu, kesho usiulize "Mmeelewa?" Uliza habari ya lori na gari dogo, kisha nyamaza. Darasa likigawanyika na kuanza kubishana, ujue kipimo kimeanza kufanya kazi.