Kijiti Kikikusumbua, Nenda Kitolewe



Tumfikirie mama mmoja wa Chumbi. Jina lake tuliache, maana akina mama kama yeye ni wengi. Yeye ni mkulima wa mpunga. Ana watoto wanne. Alikwenda kliniki akawekewa kijiti mkononi ili apumzike kuzaa. Miezi ya kwanza hakuona neno. Baadaye damu ikaanza. Haikuwa nyingi. Yalikuwa matone: leo yapo, kesho hayapo, keshokutwa yamerudi. Wakati wa kulinda mpunga alikaa dunguni wiki nzima, mvua inanyesha, na vitambaa havikukauka. Ramadhani ilipofika hakujua afunge au asifunge. Mume naye akaanza kunung'unika.

Akaenda zahanati akasema, "Dada nesi, nataka kijiti hiki kitolewe."

Nesi akamjibu, "Mama, muda wake bado. Hicho ni cha miaka mitatu. Vumilia, utazoea."

Mama akarudi nyumbani. Jirani yake akamwambia, "Unahangaika nini? Wembe upo. Mimi nitakutoa."

Hapo ndipo hatari ilipo. Basi leo tuzungumze habari ya kijiti, na hasa habari ya kukitoa. Habari ya kukiweka imesemwa mara nyingi. Ya kutoa husemwa kidogo.

Kijiti ni nini? Ni kitu laini, chembamba, chenye urefu wa sentimeta 4 hivi. Ukikitazama utadhani kijiti cha kiberiti. Huwekwa chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko. Ndani yake mna dawa, nayo hutoka kidogo kidogo kila siku. Dawa hiyo huzuia yai la mwanamke lisipevuke. Pia hufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, mbegu za mwanamume zisipite. Kuna aina ya kijiti kimoja, iitwayo Implanon, ambayo huandikiwa miaka 3. Kuna aina ya vijiti viwili, iitwayo Jadelle, ambayo huandikiwa miaka 5.

Tusikitukane kijiti. Kinafanya kazi yake vizuri sana. Katika wanawake 1,000 wenye kijiti, huenda mmoja tu akashika mimba kwa mwaka. Mama anayenyonyesha anaweza kukitumia. Hakuna kumeza kidonge kila usiku, wala kurudi kliniki kila miezi mitatu kuchomwa sindano. Kwa mtu anayekaa shamba mbali na zahanati, hilo si jambo dogo. Wengi wamekaa nacho mpaka muda ukaisha, hawakuona taabu yoyote.

Lakini miili haifanani. Taabu inayowapata wengi ni ya damu. Wengine hupata matone yasiyo na mpango. Wengine hutoka damu siku nyingi. Wengine hawaoni damu kabisa miezi mingi, nao huingiwa na hofu wakiambiwa kwamba damu inajaa tumboni. Hilo si kweli. Dawa ya kijiti hufanya utando wa ndani ya kizazi kuwa mwembamba, basi hakuna damu ya kutoka. Hakuna kitu kilichojaa. Taabu nyingine ni kichwa kuuma, matiti kuuma, chunusi, uzito kubadilika, na moyo kuwa mzito bila sababu.

Je, kila taabu ni ya kijiti? Hapana. Hapa tusifanye haraka. Mama anayeshinda katika maji ya mpunga anaweza kuwa na kichocho, na kichocho nacho huleta damu. Damu inaweza kutoka kwa sababu ya ugonjwa wa mlango wa kizazi, au mimba, au maradhi ya zinaa. Kizunguzungu na uchovu vinaweza kuletwa na malaria au minyoo. Ndiyo maana ni vizuri kwenda kupimwa kwanza. Ukikimbilia kutoa kijiti, na ugonjwa ulikuwa mwingine, utatoa kijiti na ugonjwa utabaki.

Kama ni damu ya kijiti, zipo dawa za kuituliza. Mganga anaweza kukupa vidonge vya ibuprofeni kwa siku chache, au vidonge vya uzazi wa mpango kwa muda mfupi, kama afya yako inaruhusu. Akikuta damu yako imepungua atakupa vidonge vya kuongeza damu. Wengine hupata nafuu, wakaendelea na kijiti chao. Wengine hawapati. Tena wapo wanaosema, "Dawa siitaki, nimechoka, kitoeni." Huyo naye asikilizwe.

Zipo dalili ambazo hazingoji. Nenda upesi ukiona macho yamekuwa manjano. Nenda ukipata maumivu makali ya kifua, au pumzi ikakatika, au mguu mmoja ukavimba na kuuma. Nenda kama kichwa kinauma vikali, hasa ukiona vimulimuli machoni kabla hakijaanza. Nenda kama damu inatoka nyingi kuliko kawaida yako. Nenda kama mahali pa kijiti pamevimba, pana joto, panatoa usaha. Nenda pia ukikipapasa kijiti usikione. Mwenye saratani ya matiti hatakiwi kubaki na kijiti cha aina hii. Lazima amwambie mganga.

Jambo jingine linasahauliwa. Dawa nyingine hupunguza nguvu ya kijiti. Miongoni mwake ni baadhi ya dawa za kifafa, na dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini. Ukianzishiwa dawa hizo sema mara moja, "Nina kijiti mkononi." Usingoje kuulizwa.

Sasa turudi kwa nesi aliyesema muda bado. Miaka 3 ni nini? Ni muda ambao kiwanda kimesema dawa itakuwa na nguvu. Ni kama tarehe iliyoandikwa kwenye chupa ya dawa. Si kifungo. Hakuna mtu aliyehukumiwa kukaa na kijiti miaka 3. Unaweza kukitoa baada ya miaka 2, au miezi 6, au wiki moja. Sababu inaweza kuwa ugonjwa. Inaweza kuwa unataka mtoto. Inaweza kuwa hukipendi tu. Mwongozo wa uzazi wa mpango unataka mteja achague mwenyewe, na kuchagua ni pamoja na kuacha. Kazi ya nesi ni kukuuliza, kukupima, kukueleza. Akimaliza kueleza, na wewe bado unasema kitoke, kitoke.

Kwa nini basi wengine hurudishwa nyumbani? Si kila nesi ni mkaidi. Mwaka 2013 viwanda vilipunguza bei ya vijiti kwa nchi zenye kipato kidogo, karibu nusu. Vijiti vikawa vingi. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 uliona kwamba katika kila wanawake 100 walioolewa Tanzania, 7 walikuwa na vijiti. Kuweka kulikwenda mbio, kutoa kukabaki nyuma. Mara nyingi wataalamu huja kijijini kwa siku maalumu, wakaweka vijiti, wakaondoka na vyombo vyao. Mhudumu anayebaki huenda hakufundishwa kutoa, au hana ganzi, au hana koleo ndogo. Badala ya kusema "Sijui," anasema "Vumilia." Mimi naona kosa kubwa hufanyika siku ya kuweka. Siku hiyo ndiyo ya kuuliza, "Nikitaka kitoke, atanitoa nani? Wapi?" Asiyeweza kukujibu, usimpe mkono wako.

Jambo hili si geni, wala si la Rufiji peke yake. Kabla ya vijiti vya sasa palikuwa na Norplant, vijiti sita kwa mara moja, vilivyokubaliwa kwanza nchini Finland mwaka 1983. Kutoa vijiti sita kulikuwa kazi ngumu. Katika nchi nyingine, kama Bangladesh, wanawake walilalamika kwamba wakiomba kutolewa wanazungushwa na kuambiwa wangoje. Hata mambo ya matajiri yana taabu yake. Ulaya na Marekani wapo wanawake wanaotiwa vifuko vya silikoni ili matiti yawe makubwa. Mwaka 2010 iligundulika kwamba kiwanda kimoja cha Ufaransa, PIP, kilitia vifukoni silikoni isiyoruhusiwa kwa tiba. Mwaka 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake wapatao 30,000 wavitoe. Kijiti si kifuko hicho. Natoa mfano huu ili ujue kwamba kuomba kitu kitolewe mwilini si ushamba.

Kutoa kijiti kunafanyikaje? Mganga atakipapasa kwanza ajue kilipo. Atasafisha ngozi kwa dawa. Atakuchoma sindano ya ganzi. Hapo utasikia uchungu kidogo. Kisha atakata ngozi mahali padogo sana, pasipozidi punje ya mchele. Atakisukuma kijiti kwa kidole, akikamate kwa koleo, akivute. Kwa kawaida ni kazi ya dakika chache, wala hapashonwi. Mwambie akuonyeshe kijiti kilichotoka. Kama vilikuwa viwili, hesabu viwili.

Ikiwa kijiti kimezama na hakipapasiki, mganga asichimbechimbe. Utapelekwa hospitali kitafutwe kwa mashine, halafu mtaalamu ndiye atakayekitoa.

Sasa fikiri wembe wa jirani. Hana ganzi. Wembe umekatia kucha jana. Karibu na kijiti ipo mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Akikosea kidogo, vidole vyako vinaweza kupoteza nguvu, nawe mkono ndio jembe lako. Pepopunda inaingia kwenye jeraha kama hilo. Na kijiti kinaweza kukatika, nusu ikatoka, nusu ikabaki ndani, na kukitafuta kikawa kazi mara mbili. Jirani ana nia njema. Mshukuru, umnyang'anye wembe.

Ewe wa Chumbi, anza zahanati ya karibu. Kama pale hapana wa kutoa, omba karatasi ya rufaa. Kipo kituo cha afya Ikwiriri, ng'ambo ya Daraja la Mkapa. Ipo hospitali ya wilaya Utete. Lakini nauli si ndogo kwa mtu ambaye mpunga wake haujavunwa. Kwa hiyo uliza kwanza, au mwombe nesi apige simu: mtoaji yupo siku gani? Huduma za uzazi wa mpango katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo, kuweka na kutoa. Chukua kadi yako, maana imeandikwa aina ya kijiti na tarehe kilipowekwa. Watu wa bonde la Rufiji wanajua mafuriko. Kadi uitie katika mfuko wa nailoni, uifunge vizuri.

Kabla kijiti hakijatoka jibu swali moja: unataka mimba sasa? Watu husema dawa hukaa mwilini mwaka mzima. Sindano ndiyo inayoweza kuchelewesha mimba. Kijiti sivyo. Kikitoka leo, baada ya siku chache dawa yake imekwisha mwilini, na katika wiki chache yai linaweza kupevuka. Kama hutaki mimba, chukua njia nyingine siku hiyo hiyo, usiondoke mikono mitupu. Kama taabu yako ililetwa na dawa ya kijiti, uliza habari ya lupu ya shaba, ambayo haina dawa ya aina hiyo. Lakini lupu hiyo inaweza kuongeza damu ya mwezi, kwa hiyo aliyepungukiwa damu aseme mapema. Kondomu zipo pia.

Baba msomaji, usifunge gazeti, maneno yako yapo hapa. Kuna waume wanaosema, "Kitoe leo au rudi kwenu." Kuna wengine wanaosema, "Usikitoe, mtoto mwingine sina chakula chake." Wote wawili wanausemea mkono usio wao. Nesi hadai sahihi ya mume ili kuweka wala kutoa. Hata hivyo mazungumzo ni mazuri, na mume anayemsindikiza mkewe kliniki husikia mwenyewe maelezo ya mganga badala ya kuyasikia barazani. Kuhusu swala na saumu wakati wa matone, mwulizeni shehe mnayemwamini, naye aelezwe wazi kwamba ni damu ya dawa, isiyofuata siku za mwezi.

Akina kungwi na wakunga wa jadi, wanawake huwaendea ninyi kwanza. Mkiletewa mkono wenye kijiti, msiukate. Ushikeni, mwende nao zahanati.

Mama akirudi nyumbani mkono utakuwa umefungwa bandeji. Usilowe siku mbili tatu. Pakiwa na wekundu, uvimbe au usaha, arudi kwa mganga. Mkono ule usibebe ndoo ya maji wala usitwange mpaka jeraha lifunge, na kwa siku hizo kinu kina wenyewe nyumbani, wakubwa kwa wadogo, baba akiwa wa kwanza.