Methali Kama Kipimo cha Akili: Skizofrenia na Lugha ya Mafumbo

Asemaye "mtaka cha mvunguni sharti ainame" aghalabu hana haja na kitu chochote kilichomo chini ya kitanda. Msikilizaji huiacha maana ya juu akashika ile iliyokusudiwa, na tendo hilo hutimia upesi hata lisionekane kuwa ni kazi. Katika ugonjwa wa skizofrenia kazi hiyo huweza kuharibika. Mgonjwa akiulizwa maana ya methali hiyo, huenda akajibu kwamba mtu aliyesimama hawezi kufikia vitu vya uvunguni. Jibu hilo si la uongo, ila halina methali ndani yake.

Jina la ugonjwa huu lilitungwa na daktari Eugen Bleuler wa Uswisi, ambaye kitabu chake juu yake kilitoka mwaka 1911. Jina hilo la asili ya Kiyunani lamaanisha kupasuka kwa akili, yaani kulegea kwa vifungo vya mawazo, wala si mtu mmoja kuwa na nafsi mbili. Katika miaka ya 1940 Kurt Goldstein alieleza kuwa mgonjwa hunaswa na kitu halisi, asiweze kupanda hadi kwenye wazo la jumla. Mwaka 1956 Donald Gorham alitoa huko Marekani jaribio la methali, ambalo majibu yake hupimwa kwa kadiri yalivyo ya dhahania au ya kitu halisi.

Hata hivyo, maelezo hayo hayakutosha. Mwaka 1960 L. J. Chapman alionyesha kwamba wagonjwa hukosea pande zote mbili: mara huchukua fumbo kwa maana ya kawaida, na mara huchukua neno la kawaida kama fumbo. Tatizo, basi, ni pia la kuchagua maana inayofaa muktadha. Tena mafumbo si ya aina moja. Robyn Langdon na wenzake (2002) waliona kuwa kutoelewa kinaya kulifungamana na udhaifu wa kutambua yaliyo moyoni mwa wengine, ilhali kutoelewa istiari hakukufungamana nao vivyo hivyo. Sababu yaweza kukisiwa. "Juma ni simba" yataka kulinganisha sifa, lakini amwambiaye mvivu "kweli umechoka kwa kazi!" haeleweki mpaka ijulikane kwamba haamini asemalo.

Ubongo nao umechunguzwa. Mwaka 2007 Tilo Kircher na wenzake nchini Ujerumani walipiga picha za ubongo, kwa mtambo wa sumaku, za watu waliokuwa wakisoma istiari. Kwa wagonjwa na wasio wagonjwa, sehemu ya mbele upande wa kushoto, kwa chini, iliamka, ingawa si mahali pale pale hasa. Wasio wagonjwa walitumia zaidi pia sehemu za upande wa kulia, juu ya sikio. Kwa hiyo fumbo halina chumba kimoja katika ubongo; ni kazi ya sehemu kadhaa zikishirikiana.

Mambo haya yana uzito katika Afrika ya Mashariki. Chukua methali "mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani." Mzawa wa Lamu aliyekulia vyomboni huiona tezi nyuma ya jahazi, omo mbele, na ngama chini maji yanapokusanyika. Mtu wa bara aliyejifunza Kiswahili shuleni huenda asijue hata neno moja katika hayo matatu. Akikosa jibu, kosa ni la msamiati, si la ubongo. Kadhalika aliyeijua methali tangu utotoni huweza kutoa maana yake kwa kumbukumbu tu, akapita jaribio bila kufikiri. Methali iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza nayo huzidisha shaka.

Kwa hiyo daktari hapaswi kumhukumu mtu kwa methali moja. Kipimo cha haki chahitaji methali na istiari zilizopangwa kwa kadiri zinavyojulikana na watu wa umri, elimu na lahaja mbalimbali, pamoja na istiari mpya zisizokaririwa na mtu. Kuziorodhesha hizo ni kazi ya wanaisimu; daktari peke yake hawezi kuitenda.