OILI YA GIABOKSI ZA OTOMATIKI: KIPIMO CHAKE HUSOMWA KWA JOTO LAKE

Watumishi wa Serikali waliokabidhiwa magari, pamoja na wananchi wenye magari yao wenyewe, wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa makini na kuwasomea madereva wao. Magari mengi yanayoingizwa visiwani humu ni yaliyokwisha kutumika Japani, na sehemu kubwa yao hayana klachi ya mguu. Giaboksi ya namna hiyo ikiharibika, aghalabu hubadilishwa nzima, na gharama yake huweza kulilaza gari miezi kadhaa hali ya kuwa injini yake ni nzima kabisa.

Katika giaboksi ya kawaida oili hulainisha meno tu. Katika ya otomatiki oili ndiyo inayofanya kazi: hupokea nguvu za injini ndani ya konveta, husukuma na kuzibana sahani za klachi zilizomo ndani, na huchukua joto na kulipeleka kwenye kipoozeo. Ikipungua, pampu huvuta hewa pamoja na oili, sahani huteleza badala ya kushika, na huungua. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka huipiga mpaka ikatoa povu. Na povu, kwa kuwa limejaa hewa, halina nguvu ya kubana kitu. Kwa hiyo iliyozidi na iliyopungua huleta dalili zinazofanana, na hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea.

Oili hutanuka inapopata moto. Giaboksi yenye lita 8 ikipanda kutoka nyuzi 30 za Selsiasi hadi nyuzi 80, oili yake huongezeka kwa takriban thuluthi ya lita bila ya mtu kutia hata tone. Alama za kijiti cha kupimia zinakaribiana mno, na thuluthi hiyo yatosha kumdanganya msomaji.

Mwandishi wa maelezo haya ameyaonja. Fundi mmoja alilipima gari lake alfajiri, kabla halijatoka, akaona oili iko chini ya alama ya juu, akaongeza mpaka ikafika. Njiani kuelekea Makunduchi oili ilifurika kwa tundu la kupumulia, ikadondokea ekzosi, na moshi ukawateremsha abiria wote mbio. Zikanunuliwa sili mpya, zikatiwa, na oili ikaendelea kutoka. Sili hazikuwa na kosa lolote; alama iliyotumika ilikuwa ya oili moto, na oili ilipimwa baridi.

Kwa magari ya Toyota yenye kijiti, utaratibu ni huu. Gari liendeshwe mpaka giaboksi ipate moto wa kawaida wa kazi, yaani baina ya nyuzi 70 na 80, kisha lisimamishwe mahali palipo sawa, breki ya mkono ikiwa imevutwa. Injini isizimwe. Dereva akanyage breki ya mguu, apitishe mkono wa gia polepole katika kila nafasi kuanzia P hadi ya mwisho, na aurejeshe P. Kijiti kichomolewe, kifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishwe hadi mwisho, kichomolewe tena na kisomwe katika sehemu ya juu, ambayo ni ya oili moto. Sehemu ya chini, ya oili baridi, ni ya kukadiria tu. Ikibidi kuongeza, itiwe kidogo kidogo na kupimwa kila mara, kwani kutia ni rahisi kuliko kutoa.

Injini huachwa ikifanya kazi kwa sababu pampu huijaza konveta. Ikizimwa, sehemu ya oili hurudi chini na kijiti huonyesha zaidi ya ilivyo. Hata hivyo magari mengi ya Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa, baina ya sekunde 60 na 90 baada ya kuzimwa. Anayetumia kanuni ya gari moja kwa jingine hujikosesha mwenyewe.

Magari ya miaka ya karibuni mengi hayana kijiti. Chini ya giaboksi mna boliti ya kupimia, na ndani yake mrija mfupi: oili ikivuka kimo cha mrija humwagika. Hapa joto ndilo kila kitu, na halikisiwi kwa kiganja. Husomwa kwa mashine ya kompyuta ya kupimia magari. Giaboksi nyingi za Toyota za namna hii hutaka nyuzi 40 hivi, za ZF zenye gia sita hutaka baina ya 30 na 50, na ile ya Mercedes-Benz aina ya 722.6 hupimwa kwa nyuzi 80, kwa kijiti maalumu cha fundi.

Katika nchi yetu hilo la nyuzi 40 lina shida yake. Miezi ya kaskazi gari lililolala kivulini huamka na oili yenye karibu nyuzi 30, na injini ikiwashwa nafasi ya kupima hupita upesi. Gari lililofika sasa hivi kutoka Nungwi halipimiki. Lipozwe saa nyingi, na bora lilale gereji likapimwe asubuhi. Liinuliwe sawasawa pande zote nne. Joto likifika, boliti ifunguliwe injini ikifanya kazi: ikitoka kwa wingi iachwe mpaka iwe matone, isipotoka iongezwe mpaka ianze kutiririka. Boliti ifungwe kwa wosha mpya kabla ya kuzima injini. Mikono na macho yalindwe, kwa kuwa ekzosi iko karibu.

Juu ya aina ya oili hapana mjadala: ni ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Ya Toyota WS haichanganywi na T-IV, na giaboksi za CVT zina oili yake peke yake. Rangi nyekundu si ushahidi wa kitu. Lakini oili ikiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa sharubati, maji ya rejeta yameingia, na gari lisiendeshwe hata hadi gereji.

Anayebadilisha oili aipime iliyotoka, kwani nyingine hubaki katika konveta. Atie kiasi kile kile kwanza, kisha ndipo apime kwa joto lake. Iliyotoka ihifadhiwe katika dumu na isimwagwe ardhini, maana visima vyetu viko chini ya mawe hayo hayo.